Kwa nini si nne, tano, sita?

Jumamosi asubuhi, kiwanja kimeshafyekwa, mchanga umemwagwa pembeni, na fundi amechuchumaa kwenye kona akiseti nyumba ya vyumba vitatu. Vigingi vimepigiliwa, kamba ya manila imevutwa, na sasa anatafuta skwea. Kutoka kwenye kona anapima sentimita 60 upande huu, anatia alama ya mkaa. Anapima 80 upande ule, anatia alama nyingine. Kisha anamwambia saidia fundi avute futi kamba kutoka alama hadi alama.

"Mia?"

"Tisini na nane."

Kamba inasogezwa nje kidogo. "Sasa?"

"Mia."

Kigingi kinagongwa, wanahamia kona ya pili. Hapo ndipo saidia fundi, kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, alipouliza swali ambalo nimekaa nalo hadi leo. "Fundi, kwa nini sitini, themanini, mia? Kwa nini si arobaini, hamsini, sitini?"

Fundi alicheka. "Mimi nimeikuta hivyo. Wewe shika kamba."

Sikumlaumu, maana nyumba zake zimesimama. Lakini jibu hilo nililitambua mara moja. Nililisikia darasani miaka yote niliyosoma, kutoka kwa watu waliolipwa kunijibu vinginevyo. Fundi alipokwenda kunywa chai, tuliijaribu ile ya kijana kwa kamba ya pembeni: 40, 50, na 60 kwa mshazari. Kona ikafinyika. Ukipiga hesabu unapata kama nyuzi 83, na ukijenga hivyo kitanda hakitakaa sawa na ukuta hata siku moja. Yule kijana aliitazama ile kona iliyofinyika muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Miaka minne ameiandika kanuni ya Pythagoras kwenye daftari, mtihani ameufanya, na leo ndiyo mara ya kwanza anaona kanuni hiyo ikikataa kitu.

Naandika haya kwa sababu kila ninapozungumza na walimu kuhusu kufundisha hisabati kwa vitendo, mazungumzo huishia kwenye vifaa: vizibo vya soda, vijiti, kadi za rangi. Nikitaja historia ya hisabati, huishia kwenye picha ya mzee mwenye ndevu kwenye ukurasa wa kwanza wa sura, na mistari mitatu kwamba alizaliwa lini na wapi. Viwili hivi havijawahi kukutanishwa, na mimi naona ndipo tunapokosea. Historia inaweza kumwambia mwalimu ampe mwanafunzi kitu gani mkononi, amwache akosee wapi, na kanuni aitoe baada ya nini. Bila historia, vizibo vya soda ni vizibo tu.

Chukua hiyo kamba. Ifunge mafundo kwenye nafasi 12 zilizo sawa, unganisha ncha, wape watoto watatu washike kwenye fundo la tatu, la saba na pale ncha zilipoungana. Wakivuta, kona moja inakaa wima kabisa. Darasa zima litataka kujaribu. Vitabu vingi vitakwambia hapo kwamba ndivyo Wamisri wa kale walivyopima misingi ya piramidi. Ningemshauri mwalimu airuke sentensi hiyo. Wapimaji wa Misri waliotumia kamba walikuwepo kweli, ila hiyo kamba ya mafundo 12 ni dhana ya mwanahistoria Mjerumani wa karne ya 19, Moritz Cantor. Hakuna papirasi ya enzi hizo inayoionyesha. Somo linalohusu kuthibitisha lisianze na kitu kisichothibitishwa.

Kilichopo, na kinachoshikika, ni kibao cha udongo kilichoandikwa kusini mwa Iraki ya leo miaka kama 1800 kabla ya Kristo. Kimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na kinajulikana kama Plimpton 322. Kina safu 15 za namba za pembetatu za aina hiyo hiyo ya fundi wetu, lakini si ndogo ndogo. Ya kwanza ni 119, 120 na 169. Zidisha 119 kwa yenyewe, 120 kwa yenyewe, jumlisha: utapata 28,561, ambayo ni 169 mara 169. Karani wa kibao hicho aliandika hayo zaidi ya miaka elfu moja kabla Pythagoras hajazaliwa. Kwa hiyo swali la saidia fundi ni la kale kuliko jina la kanuni yenyewe: namba zipi zinakubali, na zipi zinakataa? Mwalimu anayelijua hilo hataanza na herufi ubaoni. Ataanza kwa kuwaambia watoto wawinde. Watazikuta 5, 12, 13. Watakaochelewa kutoka watazikuta 8, 15, 17. Watapata pia mamia ya namba zisizokubali, na hizo ndizo zenye faida, kwa sababu anayeona 4, 5, 6 ikikataa ndiye anayetaka kujua sababu.

Kusini mwa mto Ruvuma, njia ni nyingine. Paulus Gerdes, mwanahisabati mzaliwa wa Uholanzi aliyeishi na kufundisha Msumbiji hadi alipofariki mwaka 2014, alikuta wanakijiji wakiseti nyumba bila kupima chochote. Kamba mbili zenye urefu sawa zinafungwa pamoja katikati. Zikivutwa kwa kukatizana, ncha nne zinaangukia kwenye pembe nne za mstatili, kila mara, upende usipende. Gerdes aliwapelekea walimu wanafunzi wake jambo hilo na kuwataka waeleze kwa nini. Jaribu nyumbani kwa kamba za viatu. Badilisha upana utakavyo, uifanye nyumba iwe ndefu kama banda la kuku au karibu na mraba, pembe hazikubali kuharibika. Hapo hakuna namba hata moja, na bado ni jiometri ya kidato cha pili, imelala chini kwenye vumbi.

Yangu mimi haikuwa kamba. Yangu ilikuwa milinganyo. Kidato cha pili mwalimu alijaza ubao kwa Kiingereza, hatua tano, tukanakili. Jina la njia yenyewe lilitamka wazi kwamba tunakamilisha mraba, lakini hakuna aliyetuonyesha huo mraba, wala kutuambia umepungukiwa nini. Nilidhani ni jina tu, kama mtaa unavyoitwa Mwembeni na mwembe haupo. Nilipata alama zangu kwa kukariri, na nikasahau wiki ileile.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipokutana na Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya tisa kitabu ambacho neno moja la jina lake, al-jabr, ndilo tunaloliita aljebra. Al-Khwarizmi hakuwa na herufi za kuficha namba. Aliandika kwa maneno matupu, na maneno yenyewe Mswahili anayasikia bila mkalimani. Kile tunachokiita leo mraba wa namba isiyojulikana, yeye alikiita mali. Namba yenyewe aliita mzizi. Swali lake linasema mali moja na mizizi kumi ni sawa na dirhamu thelathini na tisa. Mzizi ni ngapi?

Kata boksi la sabuni uone. Kata kipande cha mraba, upande wowote, usipime. Hiyo ndiyo mali. Mizizi kumi ni mstatili ambao upande mmoja ni sawa na huo mraba na mwingine una urefu wa kumi. Sasa mkasi: pasua mstatili huo katikati upate vipande viwili vya upana wa tano tano. Kimoja kiweke ubavuni mwa mraba, kingine chini yake. Umepata umbo kubwa la mraba, ila kona moja haipo. Hiyo kona inataka kipande cha tano kwa tano, yaani 25. Vyote ulivyonavyo vina eneo la 39. Ongeza 25, unapata 64. Mraba wenye eneo la 64 una upande wa nane. Nane toa tano za kile kipande, mzizi ni tatu.

Niliikata hiyo kona ya 25 usiku, mezani jikoni, na nilipoiweka mahali pake nilikaa kimya kidogo. Mraba ulikuwa umekamilika. Njia iliitwa kwa jina lake halisi tangu zamani, mimi ndiye niliyenyimwa mkasi.

Boksi la al-Khwarizmi lina jambo jingine ambalo kitabu cha kanuni hakikuonyeshi. Mwanafunzi mwerevu wa leo atakwambia swali hilo lina majibu mawili: tatu, na hasi kumi na tatu. Al-Khwarizmi alitoa moja. Hakusahau. Jibu lake lilikuwa upande wa kipande, na hakuna boksi lenye upande pungufu ya sifuri. Kwa kuwa hakukubali namba hasi, ilimlazimu aigawe milinganyo yake katika aina sita, kila moja na kanuni yake, mahali ambapo sisi tuna moja. Mtu mwenye akili kiasi hicho aliukwepa ukuta huo. Basi mtoto wa kidato cha kwanza anayegoma kwamba hasi mara hasi haiwezi kuwa chanya asiitwe mzito. Amesimama mahali ambapo mabingwa walisimama kwa karne nyingi, na mwalimu anayejua hivyo atapanga vipindi viwili zaidi hapo badala ya kupita mbio.

India walikuwa wameshapata mlango. Mwaka 628 Brahmagupta aliandika kanuni za namba hasi akiziita madeni, na chanya akaziita utajiri. Sasa nenda duka lolote la mtaani uombe kuona daftari la mkopo. Mama fulani anadaiwa sukari robo tatu na mafuta ya kupimiwa. Muuza duka akifuta madeni mawili ya elfu mbili mbili, huyo mama amepata au amepoteza? Kuondoa deni ni kuongeza mali, na watoto wanaotumwa dukani kila jioni wanalijua hilo kabla hawajafundishwa.

Nimetaja mali na dirhamu. Kuna mengine yamelala ndani ya Kiswahili, na nashangaa kwamba tunayapita kila siku bila kuyatumia. Wazee wa pwani waligawa kitu kwa majina: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Moja ya mbili, moja ya tatu, moja ya nne, mpaka moja ya kumi. Baadhi ya majina hayo bado yanaishi kwenye mirathi ya Kiislamu, ambako mjane mwenye watoto hupata thumuni, na hata ushuru wa bandarini ulianza kama sehemu ya kumi. Nusu nzima ya kitabu cha al-Khwarizmi, kwa taarifa tu, ni hesabu za wasia na mirathi. Hakuandika aljebra ili watu wafeli mtihani.

Sasa tazama majina hayo kwa makini. Kila moja ni sehemu moja tu ya kitu: hakuna jina la tatu ya tano, wala la nne ya saba. Ndivyo walivyohesabu Wamisri, kwa kutumia karibu siku zote sehemu za moja moja. Tunalo andiko lao kwa mkono wa karani aitwaye Ahmes, aliyenakili karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo kitabu cha zamani zaidi. Mskoti Alexander Henry Rhind alilinunua Luxor mwaka 1858, na sasa limo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Moja ya maswali ya mwanzo ni kugawa mikate sita kwa watu kumi.

Mtoto wa leo atajibu haraka: kila mtu sita ya kumi. Mpe chapati sita na kisu, umwambie agawe. Wengi huanza kukata kila chapati vipande kumi, na kwenye chapati ya tatu meza imejaa makombo na ugomvi. Ahmes alikata chapati tano katikati, kila mtu nusu. Ile moja iliyobaki aliikata kumi, kila mtu kipande. Nusu na ushuri. Hakuna anayelalamika, kwa sababu kila mmoja anaona amepata vipande vilevile alivyopata jirani yake. Ukiwaongezea iwe chapati saba, watoto wenyewe watasema nusu nusu kwanza, halafu mbili zilizobaki zikatwe tano tano: nusu na humusi. Hapo wamejumlisha moja ya mbili na moja ya tano wakapata saba ya kumi bila kutafuta kigawe kidogo cha shirika, na watakapofundishwa kukitafuta watajua wanatafuta nini. Ahmes kwa mikate saba alipita njia nyingine, theluthi mbili na sehemu moja ya thelathini. Mwulize mpishi yeyote ipi afadhali. Mimi namwachia Ahmes theluthi zake.

Najua walimu wananisubiri hapa. Kipindi ni dakika 40, darasa lina wanafunzi themanini, silabasi ni ndefu na mtihani hauulizi chapati. Nakubali yote isipokuwa la mwisho. Mtihani unauliza sehemu kila mwaka, unauliza Pythagoras kila mwaka, na kila mwaka mtahiniwa anayekumbuka kanuni lakini hajui inafanya nini anaandika 4, 5, 6 na kusonga mbele. Vipindi viwili vya kamba si anasa kama vitaokoa vinane vya kurudia. Wala sisemi kila mada ifundishwe hivi. Logarithimu zina historia tamu, lakini sijaona namna ya kuzikata kwa mkasi.

Kwa kuanza, ningechagua fimbo. Haina gharama, na sisi tunaoishi karibu na ikweta tumependelewa.

Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria na mzaliwa wa Kirene katika Libya ya leo, alisikia kwamba huko Syene, Aswan ya sasa, siku moja ya mwaka saa sita mchana jua linaangaza hadi chini ya kisima. Siku hiyohiyo Alexandria fimbo ilikuwa na kivuli. Alipima pembe yake: sehemu moja ya hamsini ya duara. Kutoka mji hadi mji kulihesabiwa stadia 5,000, basi mzunguko wa dunia ni 250,000. Stadia moja ilikuwa na urefu gani, wanahistoria wanabishana mpaka leo, lakini njia yenyewe haina ubishi. Ilikuwa karne ya tatu kabla ya Kristo, na kwa kazi hiyo hakuhitaji kutoka nje ya Afrika.

Tarehe 23 Septemba, siku ambayo jua liko juu ya ikweta, nilisimamisha fimbo ya mita moja uani kwetu Dar es Salaam, pamoja na watoto wa majirani waliokuja kwa ajili ya maembe. Timazi ya fundi ilituthibitishia kwamba imesimama wima. Kuanzia saa tano na nusu walitia alama ya kokoto kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano. Kivuli kikafupika, kikafupika, na mnamo saa sita na robo kikaacha kufupika, kikielekea kusini. Hapo ugomvi ukaanza. Ncha ya kivuli haina ukingo mkali, ina ukungu wa karibu sentimita nzima, na mmoja alisema 12, mwingine 13. Tukaafikiana 12 na nusu, kama inavyoamuliwa bei sokoni. Tulichora pembetatu kwenye karatasi, tukaweka protrakta: kama nyuzi saba na kidogo. Kutoka Dar es Salaam kwenda kaskazini moja kwa moja hadi ikweta, mbele kidogo ya Garissa, ramani ilitupa kilomita 755. Nyuzi 360 gawa kwa saba na kidogo, zidisha kwa 755: kilomita 38,000 na ushee. Dunia kupitia kwenye ncha zake ni 40,000 na kidogo. Kwa fimbo ya ufagio sikuona aibu.

Binti mmoja wa darasa la sita hakuridhika. Alitaka kujua kuhusu kile kisima. Nikamwambia hapana haja ya kwenda Aswan. Kiswahili kina jua la utosini, na Dar es Salaam hulipata mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba.

Tarehe 10 Oktoba walikuja saba, saa sita kasoro. Tulikwenda nyumba ya tatu, kwa bibi mwenye kisima cha pete za zege, tukamwamkia, tukaomba tufungue mfuniko. Fimbo tuliyoisimamisha kando ilikuwa imebakiwa na kivuli cha upana wa kidole, kisha nusu kidole. Watoto walilala kifudifudi kuzunguka mdomo wa kisima, vichwa vikigongana, kila mmoja akimwambia mwenzake aondoe kivuli chake.

"Mnatafuta nini humo?" bibi aliuliza kutoka barazani. "Ndoo imeanguka?"

"Hapana, bibi. Tunasubiri jua."

Ilipofika saa sita na dakika kumi maji ya chini yakawaka.